Mjomba, naomba usogee kidogo

Nilikuwa nimewaahidi kuendelea na zile mbinu za kupiga picha ukumbini, kwenye zile taa za bluu na zambarau zinazomfanya bibi harusi aonekane kama ana homa. Zitasubiri mwezi ujao. Leo nataka niwasimulie jinsi nilivyomtoa mjomba wa mke wangu kwenye picha, akiwa amesimama kwenye ardhi yao wenyewe, na kilichonikuta baada ya hapo.

Wanaonijua wanafahamu kwamba riziki yangu iko Jumamosi. Ijumaa sendofu, Jumamosi harusi, Jumapili nalala kama gogo. Lakini miaka yote nimekuwa na ndoto ya kupiga picha za pori. Milima, miti, mto, anga. Kazi ambayo hakuna shangazi wa kukushika shati, "Mbona mimi na keki hujatupiga?" Basi mwaka jana mwezi wa tisa akanipigia jamaa mmoja mwenye biashara ya utalii. Anataka picha 12 za kusini, za kalenda na za kutundika kwenye kambi yake. Sharti lake lilikuwa moja: pori tupu, mtu asionekane hata mmoja. "Wageni wangu wanalipia ukimya," akaniambia. Mshiko aliotaja ulikuwa unatosha kodi ya nyumba ya miezi sita, na mwenye nyumba wetu alikuwa ameshaanza kupitapita mlangoni akisalimia kuliko kawaida.

Mke wangu kwao ni Lukuledi, kwenye njia ya kutoka Masasi kwenda Nachingwea. Ukweni nilikuwa nimefika mara mbili tu, siku ya kujitambulisha na siku ya msiba. Nikamwambia, "Si una likizo wewe? Twende nyumbani." Alifurahi ile mbaya. Akanunua vitenge vya mama yake, sukari, sabuni, na viatu vya watoto wa kaka yake. Ile habari ya picha 12 sikumwambia vizuri. Nilisema tu kwamba nitabeba kamera. Wenye ndoa mnajua, uongo wa namna hiyo si uongo kamili, na ndiyo maana unauma zaidi ukigundulika.

Tukaondoka Dar alfajiri. Wazee wa kusini bado wanasimulia enzi za kivuko cha Rufiji, msimu wa mvua mtu anakwama njiani mpaka hela ya nauli inaisha, hadi daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mkapa mwenyewe ni mtoto wa hukohuko. Alizaliwa kijiji cha Lupaso, Masasi, mwaka 1938, na ndiko alikozikwa Julai 2020. Siku hizi unapanda basi asubuhi, usiku unakula Masasi. Mamsapu alilala begani kwangu karibu njia nzima. Mimi nilikuwa macho, nasubiri milima.

Na milima ya Masasi ni ya kusubiriwa kweli. Ukishaipita Ndanda, uwanda wa Makonde ukiwa upande wako wa kushoto kama ukuta mrefu, nchi inafunguka, halafu majabali yanaanza kuchomoza mojamoja kama meli zilizotia nanga. Mkomaindo, Mtandi na wenzao. Mjerumani mmoja mtaalamu wa miamba, Wilhelm Bornhardt, alizunguka nchi hii miaka ya 1890. Milima ya namna hii akaitungia jina lake, Inselberg, yaani mlima kisiwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1900 na jina hilo linatumika mpaka leo dunia nzima. Kwa hiyo mtu akipiga picha ya mlima wa jiwe kule Brazil au Australia, jina analoliandika chini ya picha lilitokana na ardhi yetu. Hilo nilimsimulia mke wangu alipoamka. Akasema, "Kumbe," akalala tena.

Siku tatu za kwanza nilipiga picha zaidi ya 600, na zote zilikuwa kimeo.

Niwaeleze kwa nini, maana hata wewe mwenye simu itakusaidia. Oktoba kusini ni joto na moshi. Watu wanaandaa mashamba, nyasi zinachomwa, anga linakuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Jua linachomoza kama saa kumi na mbili hivi, na ikifika saa mbili na nusu limeshakuwa kali. Kivuli kinajikunja, na jabali lenye mikunjo na nyufa za miaka na miaka linabaki limelala bapa kama kipande cha boksi. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, natafuta bodaboda, nafika chini ya mlima, na bado napata picha ambayo ingeweza kuwa ya sabuni.

Basi nikafanya kile ambacho wapiga picha wote waliokwama hufanya. Nikabadilisha vifaa. Nikavaa filta ya kukata mng'ao, nikaongeza lenzi ndefu, ile ya milimita 200. Lenzi ndefu ina ulevi wake, jamani. Inakupa ruhusa ya kukata. Bati la nyumba linaonekana pembeni, unakata. Nguzo ya umeme, unakata. Mama kapita na mzigo wa kuni kichwani, unasubiri apite. Ukimaliza kukata unabaki na kipande cha dunia ambacho hakina mtu, unakiita pori. Nilikuwa najiona fundi.

Nyumbani kwa wakwe nako mambo yakawa hayo. Nilikuwa narudi giza limeingia, nakula kimya, nakagua picha kwenye kioo cha kamera huku sahani iko mbele yangu. Mama mkwe, ambaye kwa heshima zao haongei nami moja kwa moja, akamuuliza mwanae kama mgeni hajapenda chakula. Kesho yake wakanichemshia ming'oko, ile mizizi wanayoichimba porini, wakaniletea ya moto kwenye ungo. Nikala miwili, nikashukuru, nikachaji betri.

Siku ya nne nikapata sehemu yangu.

Ilikuwa karibu na mto Lukuledi, huku juu kabisa. Huu ndio mto unaoteremka mpaka baharini Lindi, lakini mwezi wa kumi, huku unakoanzia, ulibaki madimbwi na mchanga mweupe. Ng'ambo ya mchanga kulikuwa na miombo. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu wengi wetu wa mjini hatujui. Miombo haisubiri mvua. Wiki kadhaa kabla tone la kwanza halijaanguka, nchi ikiwa imekauka kama mkate wa juzi, inatoa majani mapya, na majani yenyewe hayaanzi na kijani. Yanaanza mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine rangi ya divai. Mwanga wa jioni ukiyapiga kwa nyuma yanawaka kama taa za kandili. Nyuma ya miti hiyo kulikuwa na kilima cha jiwe kwa mbali, na ule moshi niliokuwa naulaani siku tatu ukawa umekaa katikati, umetenganisha miti na mlima kama pazia. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Nikafunga kamera kwenye tripodi, nikapunguza tundu la lenzi ili vya karibu na vya mbali vyote vionekane sawasawa, nikasubiri jua lishuke kidogo tu.

Akaingia mzee mmoja kutokea kushoto, anasukuma baiskeli, jembe limefungwa nyuma. Akafika katikati kabisa ya picha, akasimama. Akanitazama, akainua mkono.

Alikuwa mjomba wa mke wangu. Alikuwa amesikia mkwe yuko mtoni, akapita kunisalimia.

"Shikamoo mjomba," nikamwambia. "Naomba usogee kidogo, unaniharibia picha."

"Marahaba," akajibu. Akageuka nyuma kutazama ni kitu gani anachokiharibu. Akakitazama vizuri, hana haraka. Kisha akasukuma baiskeli yake mpaka nje. Nikapiga picha 11 mfululizo, na nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Usiku mke wangu alikuwa kimya. Si ukimya wa kuchoka. Ule mwingine.

Kwa ambao hamjaoa kusini, niwape shule fupi. Kwa Wamakua, na kwa majirani zao Wayao, Wamakonde na Wamwera, ukoo unafuatwa kwa upande wa mama. Mwenye neno zito juu ya binti ni mjomba wake. Huyu mzee ndiye aliyepokea posa yangu. Ndiye aliyesema "kijana huyu tumpe" siku ambayo wengine walikuwa bado wananipima, maana kazi ya kupiga picha waliiona kama kazi ya mtu asiye na kazi.

"Umemwambia mjomba anakuharibia picha?"

"Nilimwomba kwa heshima. Shikamoo nilitoa."

"Unajua alikuwa amesimama wapi?"

"Porini."

Akacheka kile kicheko kisicho na furaha. "Lile ni shamba la bibi yangu. Limepumzishwa tu. Nimelima pale mimi nikiwa darasa la pili." Akanyamaza, nikadhani yameisha. Kumbe ndo kwanza. "Tumefika huku siku ya nne leo. Umepiga milima, umepiga miti, umepiga mpaka kichuguu. Mimi hujanipiga hata moja. Au na mimi unasubiri nipite?"

Sikuwa na jibu. Nikajifanya nafunga begi.

Asubuhi nikamwendea shemeji, kaka yake, aniongoze. Kwao huendi peke yako kuomba radhi, unakwenda na wa kukusemea. Tulimkuta mjomba chini ya mikorosho, maana ndio msimu wenyewe, anaokota na wajukuu, harufu ya mabibo imejaa kote. Shemeji akasema aliyosema, kwa Kimakua, kwa kirefu. Mimi nimeinamisha kichwa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia kwa Kiswahili. "Unatafuta pori?"

"Ndiyo mjomba."

"Utaliona. Ila kwanza okota korosho."

Niliokota mpaka mgongo ukaniimbia. Mchana tukala pamoja, na jioni akachukua fimbo, akaniambia kamera ikae begini. Tukatembea. Hakuwa mwongeaji. Tukafika mahali kwenye miti mikubwa, kivuli kizito, nyasi zimenifika kiunoni, ndege wanapigiana kelele. Mwili ukanisisimka. Nikasema hapa sasa ndipo, hili ndilo pori lenyewe.

"Hii miti gani?" akaniuliza.

Nikaangalia juu. "Miembe."

"Nani kaipanda?"

Ndipo nikaiona. Ilikuwa kwenye mistari. Hapo palikuwa na kijiji. Ilipokuja Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970 watu waliambiwa wahamie kwenye vijiji vya ujamaa, na nyuma yao mwitu ukaingia mpaka kwenye vitanda vyao, miembe ikabaki. Mjomba alinionyesha nyumba ya baba yake ilipokuwa, pakiwa hapana kitu isipokuwa ardhi iliyoinuka kidogo. Akanyoosha fimbo kuelekea Nachingwea. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walileta matrekta makubwa kung'oa miti ili walime karanga. Walijenga mpaka reli kutoka pwani. Mwaka 1951 mradi ukatupwa, reli nayo ikafungwa miaka ya 1960, na sehemu nyingi miti imejirudia. Mama yake alikuwa akiwasimulia sauti ya yale mashine. Kabla ya hapo ilikuwa misheni ya Lukuledi, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1895 na kuteketezwa mwaka 1905 wakati wa vita vya Majimaji. Watu wakakimbia, pori likaja. Watu wakarudi, pori likasogea.

"Linasogea tu," akasema, "kama wewe ulivyonisogeza."

Akacheka. Nikacheka na mimi, kwa uoga.

Usiku ule sikulala vizuri, nikawa namfikiria mpiga picha mmoja Mwingereza, Nick Brandt. Mashabiki wa Michael Jackson mnaijua video ya "Earth Song"? Yeye ndiye aliyeiongoza mwaka 1995, na sehemu yake ilipigwa hapa Tanzania. Hapo ndipo alipoipenda nchi hii, akaja kuacha video na kurudi Afrika Mashariki na kamera ya filamu, kupiga tembo na simba kwa rangi nyeusi na nyeupe. Sifa yake kubwa ni kwamba alikataa lenzi ndefu. Alitaka amsogelee mnyama kama mtu anayekwenda kumpiga mwenzake picha studio, na anga na nchi vionekane nyuma yake. Kwa hiyo alilazimika kukaa, siku nyingi, mpaka mnyama amzoee. Kitabu chake cha kwanza, mwaka 2005, hakina binadamu kabisa. Lakini angalia alikoishia. Mwaka 2016 akatoa picha nyingine alizopiga Kenya: alichapa wanyama kwa ukubwa wao halisi, akawasimamisha kwenye madampo, viwanda na chini ya madaraja, mahali walipokuwa wakipita zamani. Na mwaka 2021 akatoa za watu na wanyama pamoja ndani ya fremu moja, walizopigiwa Kenya na Zimbabwe, wote wakiwa wameumizwa na uharibifu wa mazingira. Mtu aliyeanza kwa kuwaacha watu nje aliishia kuwaita waingie. Nilikuwa nayajua haya yote. Nimewahi hata kuyafundisha kwenye semina. Ila kujua na kuambiwa na mjomba ni vitu viwili.

Kesho yake lenzi ya 200 ilibaki chini ya kitanda. Nikabeba moja tu, ya milimita 35 isiyovutika. Ukitaka kitu kiwe kikubwa unakwenda kwa miguu, ukitaka kiwe kidogo unarudi nyuma, na huko kwenda na kurudi ndiko unakokutana na wenye mahali. Nikarudi mtoni palepale, nikakaa saa nzima bila kutoa kamera. Jaribuni hili, hata kama ni Coco Beach. Dakika ishirini za kwanza unaona ulichokuja nacho kichwani. Baada ya hapo unaanza kuona kilichopo. Mimi niliona njia. Uchochoro mwembamba uliokatiza mchanga, ukapita katikati ya yale majani mekundu, ukapotea kuelekea kwenye lile jabali. Siku ile ya kwanza haukuwepo kabisa machoni pangu, na bila ule uchochoro picha ilikuwa ukuta tu wa rangi nzuri. Mto, miti na mlima vilikuwa havijashikana. Uchochoro ndio ulioviunga.

Nilikwenda jioni tatu. Moshi sikuupiga vita tena. Niliacha jua liwe mbele yangu badala ya mgongoni, miti ya karibu ikawa giza, ya katikati ikawaka, mlima ukafifia. Jioni ya tatu, saa kumi na mbili kasoro, mjomba akapita zake na baiskeli anarudi nyumbani. Sikumwita wala yeye hakugeuka. Nikabonyeza mara moja.

Halafu nikamwambia mke wangu, siku mbili zilizobaki ni zako, tunakwenda Newala.

Kutoka Masasi unapanda uwanda wa Makonde, na Newala mji umekaa ukingoni, zaidi ya mita 700 juu ya bahari. Mwaka 1906 Karl Weule, mtafiti Mjerumani, alikaa huko na kamera ya picha, kamera ya sinema na mashine ya kunasa sauti. Fikiria kubeba mzigo huo kwa mabega ya wapagazi. Juu pale ardhi inanyonya maji yote, kwa hiyo tangu enzi hizo wanawake walikuwa wanateremka ule ukingo kufuata maji bondeni na kupanda nayo. Mke wangu alinionyesha pembeni panapoitwa Shimo la Mungu. Shule yao iliwahi kuja kutembea.

Tulifika kabla jua halijatoka. Sina maneno mengi. Nchi inakatika ghafla miguuni pako, na chini kule ni bonde la Ruvuma, ukungu na moshi vimelala, vichwa vya vilima vinatokeza mojamoja, na mbali kabisa ni Msumbiji. Kulikuwa na baridi, tumejifunika kitenge kimoja. Kwa mara ya kwanza safari nzima nilisahau kamera iko mkononi mwa nani. Iko wapi, nikashtuka, nikageuka. Alikuwa nayo yeye, amerudi nyuma hatua kama kumi, jicho moja amelifumba.

"Mume wangu," akasema, "naomba usogee kidogo. Unaniharibia picha."

Tulicheka mpaka kijana mmoja wa jirani akatoka kuona kuna nini. Hakunisogeza, lakini. Alinipiga hivyohivyo, mgongo, kitenge na bonde lote mbele yangu, na niseme ukweli, kwa mwanga na kwa mpangilio ni picha nzuri kuliko nyingi zangu. Mimi nilimpiga yeye 43. Nyingine kakataa zisionekane na mtu.

Tuje mjini. Nilichagua picha 12, nikampelekea jamaa. Nyingine 11 hazina mtu, na sizikatai, ni za kweli, kuna majabali ambayo saa ile hapakuwa na mtu. Ya 12 ilikuwa ya mjomba na uchochoro wake. Jioni hiyohiyo akapiga. Zote kazipenda, ya 12 kuliko zote, hiyo ndiyo anaitaka ukutani. "Ila huyo mzee mtoe. Si dakika moja tu?"

Ni kweli. Zamani ingekuwa kazi ya usiku mzima kwenye Photoshop. Siku hizi hata simu inafuta mtu kwa kidole. Nilikaa mbele ya kompyuta, nikamzungushia alama, nikabonyeza. Sekunde mbili. Uchochoro ukabaki mtupu, na mashine ikajaza mchanga mahali baiskeli ilipokuwa, mchanga mzuri tu. Hakuna mgeni yeyote ambaye angejua. Nikafikiria kodi. Mke wangu akapita na kikombe cha chai, akasimama nyuma yangu. Hakusema kitu. Hata hakukohoa. Kama angesema pengine ningebisha, mnajua sisi wanaume tulivyo.

Nikabonyeza kurudisha. Mjomba akarudi na baiskeli yake.

Nikamwambia jamaa ya 12 iko hivyo ilivyo, au achukue 11. Akachukua 11, akakata malipo, na tangu siku ile hajanipigia. Kodi ya miezi mitano ikatoka kwangu, mwezi wa sita akamalizia mke wangu kwa mshahara wake, na anapenda kuutaja huo mwezi wa sita kila ninapochelewa kurudi.

Ile picha niliichapa kubwa, nikaitia fremu, nikaituma Lukuledi kwa basi, imefungwa kwenye maboksi na kitenge. Wiki moja baadaye simu ikaita.

"Picha imefika," mjomba akasema. "Mlima umetoka vizuri. Miti nayo vizuri sana."

"Asante mjomba."

"Sasa huyu sisimizi mwenye baiskeli ndiyo mimi?"

"Ndiyo mjomba."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia watu wanacheka nyuma yake, nadhani nyumba nzima ilikuwa imekusanyika.

"Ukija tena," akasema, "unipige ya kusimama, nimevaa kofia. Na huo mlima uuambie usogee kidogo."